JEAN-BOSCO MWENDA: VIDOLE VIWILI, MAGITAA MAWILI

Wanachama wenzangu, siku hizi kuna mashine za kidijitali zinazoiga amplifaya za zamani za muziki wa roki. Unabonyeza tu, na gitaa lako linakaribia kulia kama la Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970. Lakini je, mashine yaweza kuiga vidole? Hebu tumtazame marehemu Jean-Bosco Mwenda.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, nchini Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao Likasi leo, akamrekodi akiimba "Masanga" kwa Kiswahili. Alipiga gitaa kavu, bila stima wala amplifaya. Kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kikapiga sauti ya juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili! Baadaye alikuja kupiga Nairobi, na vijana wengi wa Kenya wakauiga mtindo wake. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Basi wewe wa hapa Kiritiri usiye na mashine, usivunjike moyo. Azima gitaa kavu, anza na vidole viwili. Haba na haba hujaza kibaba.