Rumanyika Orugundu

Rumanyika Orugundu (aliishi katika karne ya 19) alikuwa mfalme (omukama) wa Karagwe katika ukoo wa Wahinda. Eneo lake ni sehemu ya mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Anajulikana kwa ukarimu wake kwa wasafiri na kwa hazina yake ya sanamu ndogo za wanyama zilizotengenezwa kwa madini.

Kutawazwa

Alikuwa mwana wa mfalme Ndagara, aliyefariki katika miaka ya 1850. Ndugu yake Rogero aligombea kiti naye. Musa, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh (Tabora), alimsaidia Rumanyika kwa bunduki, akalipwa pembe za ndovu. Tangu hapo wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kauli katika mambo ya Karagwe. Kituo chao kilikuwa Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange.

Wageni

Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Uzinza na Usui, yaani upande wa Biharamulo na Ngara za leo. Huko walicheleweshwa na kutozwa hongo kubwa na watawala, akiwemo Suwarora wa Usui. Walipofika mpaka wa Karagwe, mambo yalibadilika: Rumanyika alituma watu wake kuwapokea, wakapewa chakula bila kudaiwa hongo. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki hadi Aprili. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alipokewa vizuri.

Hazina ya madini

Stanley alionyeshwa nyumba ya mviringo yenye hazina ya mfalme. Humo aliona sanamu za bata za shaba ya njano zenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mundu za chuma na mikuki, mingine ikiwa na mipini ya minyororo ya chuma. Speke alikuwa ameona ng'ombe wadogo wa chuma miaka 15 kabla yake.

Nani aliwatengeneza? Speke aliandika kwamba ni Waarabu wa Kafuro, kwa ajili ya kumfurahisha mfalme. Masimulizi ya Karagwe yanasema ni kazi ya Ndagara, anayekumbukwa kuwa mfalme mhunzi. Jambo hili si dogo, kwa kuwa ng'ombe na nyundo vilikuwa alama za utawala: mwenye vitu hivyo ndiye mrithi halali. Kwa mfalme aliyepata kiti kwa vita, kazi ya mikono ya baba yake ilikuwa ushahidi, si kitu cha kuchezea.

Ujuzi wenyewe haukukosekana. Uyeyushaji wa chuma katika Kagera una historia ya takriban miaka 2,000, na Warongo wa Uzinza walijulikana kwa majembe yao. Mawe yenye chuma yaliyeyushwa kwa makaa katika tanuri, huku mivukuto ikipuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Kisha mhunzi alikipasha chuma moto na kukigonga tena na tena. Bila mashine ya kukereza, miguu myembamba na pembe ndefu za ng'ombe zilitegemea nyundo, koleo na jicho la fundi. Shaba ililetwa kwa biashara.

Mwisho na kumbukumbu

Rumanyika alifariki karibu na mwanzo wa miaka ya 1880. Baada yake ugomvi wa urithi uliidhoofisha Karagwe. Stanley alipopita tena mwaka 1889 alimkuta mjukuu wake kijana, Ndagara, akitawala. Baadaye nchi iliingia chini ya Wajerumani.

Jina lake limebaki katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 2019.