Mackay: Fundi aliyetaka gurudumu lifike Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Sengerema

UKISHUKA Busisi na kuiacha barabara ya lami inayokwenda mjini Sengerema, ukashika mojawapo ya njia za changarawe zinazoingia vijijini, chombo utakachopishana nacho mara kwa mara ni baiskeli. Kwenye keria zake hupakiwa madumu ya maji, magunia ya mkaa, mihogo, samaki, na wakati mwingine mgonjwa anayewahishwa zahanati.

Barani Ulaya, hasa nchini Ufaransa, wapo watu wanaoikimbia lami kwa makusudi na kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe zinazopita mashambani na katika vijiji vya kale. Kwao hiyo ni burudani ya siku za mapumziko. Kwa mkazi wa vijiji vya Sengerema, changarawe ndiyo njia yenyewe, na mvua ikiikata, hakuna nyingine.

Lakini hata njia ya namna hiyo ilikuwa ndoto katika nchi hii miaka 150 iliyopita. Kila kilichotoka pwani kilifika ziwani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mmoja wa watu wa kwanza kujaribu kuibadili hali hiyo alikuwa fundi mitambo kutoka Scotland, Alexander Murdoch Mackay, ambaye maisha yake yaliishia Usambiro, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, jirani na nchi ya Wazinza ambayo Sengerema ya leo ni sehemu yake.

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilayani Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na ndiye aliyemfundisha nyumbani utotoni. Wazazi walitarajia mtoto huyo aje kuwa mchungaji, lakini yeye alivutwa zaidi na karakana za wahunzi kuliko mimbari. Alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda Ujerumani, ambako alifanya kazi ya kuchora mitambo katika kampuni moja ya Berlin.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley, akiwa katika kasri la Kabaka Mutesa I wa Buganda, aliandika barua ya kuwataka Waingereza wapeleke wamisionari huko. Alisisitiza kwamba watu wanaohitajika ni wale wenye ujuzi wa kazi za mikono, si wahubiri watupu. Barua hiyo ilichapishwa London Novemba mwaka huo. Shirika la kimisionari la CMS likatafuta watu wanane, na Mackay akawa miongoni mwao. Waliondoka Uingereza Aprili 1876 na kufika Zanzibar mwishoni mwa Mei.

Safari yake ya kwanza kuelekea bara haikufika mbali. Aliugua njiani na kurudishwa pwani wakati wenzake wakiendelea. Badala ya kukaa akisubiri nafuu, mwaka 1877 alikusanya vibarua, akawapa mashoka, majembe na misumeno, akaanza kufungua barabara kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, umbali wa takriban kilomita 370.

Njia za misafara zilikuwepo tangu zamani, lakini zilitosha mtu mmoja kupita nyuma ya mwenzake. Zilizunguka kila mti ulioanguka na kila jiwe kubwa, kwa kuwa mpagazi mwenye mzigo kichwani hana nafasi ya kuondoa kizuizi. Mackay alitaka njia pana itakayopitisha mkokoteni. Walikata miiba, wakang'oa visiki, wakachimba kingo za mito ili magurudumu yashuke na kupanda.

Barabara ilifika Mpwapwa, lakini matumaini ya mikokoteni hayakutimia. Mbung'o waliwaangamiza ng'ombe wa kuikokota na matope yakakwamisha magurudumu. Fundi aliyekuwa ameshinda msitu alishindwa na mdudu mdogo. Ikabidi mizigo irudi pale pale ilipokuwa, juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vinavyolisifu jina la Mackay.

Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya ugomvi kati ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Songoro. Habari hizo zilipomfikia, Mackay aliharakisha kwenda ziwani na kufika Kageyi, pwani ya kusini, Juni 1878.

Kulikuwa na hofu kwamba damu italipwa kwa damu. Mackay alichagua njia nyingine. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akakaa siku kadhaa kwa Lukonge na kuzungumza naye juu ya amani, kisha akarudi salama. Huenda hakuna tendo katika maisha yake lililohitaji ujasiri zaidi ya hilo.

Huko Kageyi aliikuta mashua yao, Daisy, ikiwa imekauka na kupasuka kwa jua. Aliikarabati, na yeye na mwenzake Wilson wakatweka tanga kuelekea kaskazini. Dhoruba iliwatupa pwani ya magharibi na kuivunja. Mackay aliikata mashua, akaondoa sehemu ya katikati iliyoharibika na kuunganisha tezi na omo, akapata mashua fupi lakini nzima. Novemba 1878 wakaingia Buganda.

Kazi yake katika kasri la Mutesa ilianza kwa Kiswahili, lugha ambayo Kabaka na watu wa baraza lake waliielewa kutokana na biashara ya pwani. Baadaye alijifunza Kiganda, akachonga herufi za chapa kwa mikono yake na kuchapisha kurasa za kusomea. Alichimba kisima na kukitia pampu, akatengeneza mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe, na watu wakakusanyika kutazama magurudumu yakizunguka. Waganda wakampa jina la mzungu wa kazi.

Hata hivyo, siasa za kasri zilikuwa ngumu kuliko chuma. Mapadri wa Kifaransa wa shirika la White Fathers waliwasili mwaka 1879, na mabishano kati yao na Mackay mbele ya Kabaka yakawa marefu na makali. Itakuwa si haki kumsimulia Mackay kama malaika. Alikuwa mkaidi katika masuala ya dini, na ushindani huo uliacha mgawanyiko ulioiumiza Buganda kwa miaka mingi.

Mutesa alifariki dunia mwaka 1884 na kurithiwa na mwanawe, Mwanga. Mwaka 1885 vijana watatu wa misheni walichomwa moto, na Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington akauawa Busoga. Mwaka 1886 likaja lile tukio la mashahidi wa Namugongo. Mackay alibaki akiendelea na kazi hadi Julai 1887, alipolazimika kuondoka na kuvuka ziwa kuja kusini.

Ndipo alipojenga kituo Usambiro, katika himaya ya mtemi Makolo. Huko hakukuwa na fahari ya kasri. Kulikuwa na homa, na Machi 1888 Askofu Henry Parker alifia hapo. Mackay aliendelea kufasiri, kuchapisha na kufua vyuma. Stanley alipopita na msafara wake Agosti 1889 akiwa na Emin Pasha, alikuta karakana iliyojaa zana, magogo ya mbao na birika la mvuke lililokuwa likitengenezwa kwa ajili ya mashua ya kusafiria ziwani. Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa sifa, alimlinganisha fundi huyo na David Livingstone na kumshauri aondoke naye akapumzike. Mackay alikataa kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia kazi.

Katika barua zake za miaka hiyo alishikilia kwamba bila reli ziwa litaendelea kuwa mbali na dunia. Wakati huo huo, mwaka 1888, Mskoti mwenzake John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Tairi hilo ndilo lililoifanya baiskeli iweze kustahimili njia mbovu. Mmoja alihangaikia barabara, mwingine gurudumu. Mkulima wa Sengerema anayetoka gulioni leo anavitumia vyote viwili bila kumjua hata mmoja wao.

Mackay aliugua homa na kufariki dunia Februari 8, 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Tangu alipoondoka Uingereza mwaka 1876 hakuwahi kurudi. Birika la mvuke aliliacha bila kukamilika. Alizikwa Usambiro, na mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Reli aliyoitamani ilifika ziwani baada ya kifo chake, kwanza Kisumu mwaka 1901, kisha Mwanza mwaka 1928. Lakini ilikuja na utawala wa kikoloni, na mabehewa yake yalibeba pamba ya wakulima waliopangiwa bei na wengine. Wapo wanaosema mafundi kama Mackay ndio waliowafungulia wakoloni mlango. Hoja hiyo ina uzito, na historia haiwezi kuikwepa. Ni kweli pia kwamba barabara haichagui wa kumpitisha, na waliokuja kunufaika nayo si wale tu waliokusudiwa.

Juni 19, 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, na safari iliyokuwa ikisubiri kivuko sasa huchukua dakika chache. Ni kazi ambayo mzungu wa kazi angeitazama kwa mshangao.

Daraja hilo limeifikisha lami ng'ambo ya ghuba, lakini halijaifikisha kila kijiji. Mbele ya lami huanza changarawe, na mbele ya changarawe huanza njia ya miguu, ile ile iliyomtosha mpagazi. Msimu wa mvua ukianza, mwendesha baiskeli hushuka, hukunja suruali, huibeba baiskeli begani na kuuvuka mkondo wa maji pamoja na mzigo wake.