Kitereza wa Ukerewe: Kitabu kilisubiri miaka 35, mwandishi akafa bila kukishika

HAYATI Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake Februari, 1945, akiwa na umri wa karibu miaka 49. Ilipochapishwa mwaka 1980 alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na hata hapo nakala hazikumfikia.

Alizaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani kumwondoa madarakani Rukonge, Omukama wa Ukerewe, na kumsimika Mukaka. Kitereza alitoka katika ukoo huo wa watawala, Abasilanga, na utoto wake ulipitia katika boma la Mukaka kabla ya kupelekwa shule ya misheni Kagunguli.

Mwaka 1909 alivuka ziwa kwenda Seminari ya Rubya, Ihangiro, upande wa Bukoba. Mtu wa leo anayesafiri kutoka Nansio kwenda Bukoba hawezi kuhisi umbali aliouhisi kijana huyo, kwani maisha ya pwani hizo mbili hayakufanana. Buhaya nyumba ilizungukwa na migomba, ndizi zilikuwa chakula cha kila siku na kahawa ilikuwa ikigeuka zao la fedha. Wakulima wengi waliishi chini ya mfumo wa nyarubanja, wakimlipa bwana shamba kwa ardhi waliyoilima. Kisiwani kwao Kitereza watu walitegemea jembe na mtumbwi kwa pamoja. Ng'ambo ya kusini, kwa Wasukuma, utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe, na ugali ulikuwa wa mtama au uwele.

Kilichofanana kote ni kodi ya mkoloni. Hiyo haikuchagua mwenye migomba wala mwenye ng'ombe.

Rubya alikaa miaka 10, akajifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa masomoni, na mwaka 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe, kisha Mwanza. Mwaka 1919 aliachana na safari ya upadri, akafunga ndoa na Anna Katura.

Alihamia Mwanza kufanya kazi kwa mfanyabiashara Mtaliano. Mji huo ulikuwa tofauti na kote alikopita: maduka ya Wahindi, marobota ya pamba, na wageni wa kila kabila waliolazimika kuelewana kwa Kiswahili. Kabla ya reli ya kutoka Tabora kufika mwaka 1928, shehena ilipakiwa melini kwenda Kisumu, kisha kwa garimoshi hadi Mombasa. Aliishi katika pilikapilika hizo hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, akarejea Ukerewe kuitumikia misheni.

Nyumbani kwake kulikuwa na msiba usiokwisha. Watoto aliojaliwa na Anna walifariki wote wangali wadogo. Kwa desturi za wakati ule, mume wa namna hiyo alitarajiwa kuoa mke mwingine. Kitereza hakuoa. Wawili hao walizeeka pamoja bila mtoto.

Jambo hilo ndilo ufunguo wa kitabu chake. Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers, alimshauri aziandike mila za Wakerewe kwa njia ya hadithi badala ya kuziorodhesha. Kitereza akaandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto katika Ukerewe ya kabla ya mkoloni. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume analazimika kwenda ukweni kuomba radhi na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Baada ya dawa za mganga wanampata mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Majina yote mawili yanabeba habari za kifo na huzuni.

Katikati ya hadithi hiyo mwandishi anasimama kueleza namna pombe ya ndizi inavyotengenezwa, kiboko anavyowindwa, mkwe anavyosalimiwa na maiti anavyozikwa. Wapo wanaoona maelezo hayo yanachosha. Lakini mtu aliyeona kwa macho yake jinsi Rubya na Mwanza zilivyotofautiana na kwao alijua ni yapi yalikuwa ya Wakerewe, na kwamba yalikuwa yakitoweka.

Hakupatikana mchapaji wa kitabu kinene cha Kikerewe, lugha ya watu wachache. Simard alianza kukitafsiri kwa Kifaransa, nayo tafsiri haikuchapishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika kisiwani, wakamtia moyo akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Aliifanya kazi hiyo uzeeni, huku baridi yabisi ikimtesa. Tanzania Publishing House ilikikubali, na uchapaji ukafanyika China.

Kitereza alifariki Aprili 20, 1981, vitabu vikiwa bado havijamfikia.

Mwaka 2002 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa kutoka katika Kikerewe chenyewe. Mtafsiri alikuwa Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe.