Hesabu za Bwana Nixon

Kila zikaribiapo siku za uchaguzi huzuka swali lile lile: je, mtu anayeomba kura alazimishwe kuwaonyesha wananchi hesabu za kodi yake, yaani alichochuma mwaka hata mwaka na alicholipa serikalini? Wako wasemao kwamba ni haki ya mpiga kura kujua. Wako na wasemao kwamba fedha za mtu ni siri ya nyumba yake. Badala ya kubishana bure, yafaa tumtazame mtu mmoja ambaye swali hilo lilimjia mara mbili maishani mwake, naye akalijibu kwa namna mbili. Huyo ni Richard Nixon, aliyekuwa Rais wa 37 wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1913 huko Yorba Linda, katika jimbo la California, ndani ya nyumba ndogo iliyojengwa na baba yake mwenyewe. Baba alijaribu kulima malimau, shamba likamshinda. Mwaka 1922 akahamia mji wa Whittier, akafungua kituo cha petroli na duka la vyakula. Mama alikuwa mtu wa sala, wa dhehebu la Quaker. Walijaliwa watoto watano, wote wa kiume, na wawili wakafa wangali vijana: Arthur mwaka 1925, na Harold, kwa kifua kikuu, mwaka 1933. Richard, hali yungali mwanafunzi, aliamka saa kumi za alfajiri kwenda soko la Los Angeles kununua mboga, akazipanga dukani kabla ya kwenda masomoni. Hayo twayasimulia kwa makusudi, maana mtu huyu hakulelewa katika uvivu wala katika anasa, na aliijua vema thamani ya senti moja.

Akasomea sheria, akatumika katika jeshi la maji wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 1950 akachaguliwa kuingia Seneti. Mwaka 1952 Jenerali Eisenhower, aliyekuwa akigombea urais, akamchukua awe mgombea mwenza wake, naye umri wake ulikuwa miaka 39 tu.

Hapo ndipo swali lilipomjia mara ya kwanza. Mwezi wa Septemba gazeti moja la New York lilitangaza kwamba matajiri wa California walikuwa wamemwekea Seneta Nixon mfuko wa fedha, dola 18,000 na zaidi, ili kumsaidia katika gharama za siasa. Watu wengi wakataka aondolewe. Tarehe 23 Septemba akasimama mbele ya televisheni, akasema kwa muda wa nusu saa, na watu wapatao milioni 60 wakamsikiliza. Alihesabu mshahara wake, nyumba yake na deni la nyumba, fedha alizokopa kwa wazazi wake, motokaa yake, na koti la mkewe ambalo halikuwa la manyoya ya thamani. Hata mbwa mdogo ambaye watoto wake walipewa na mtu wa Texas alimtaja, akasema kwamba huyo hatamrudisha. Wengi waliosikia walitokwa na machozi. Kisha akawataka wagombea wa upande wa pili nao waweke wazi mali zao.

Msomaji aangalie sana lililofuata. Adlai Stevenson, aliyekuwa akishindana na Eisenhower, alitoa ritani zake za kodi za miaka 10. Nixon, aliyekuwa amewataka wengine wajifunue, hakutoa zake. Alikuwa ameisimulia mali yake kwa kinywa chake, akichagua la kusema na la kuacha. Wakaguzi walikuwa wameupitia ule mfuko, walakini ritani za kodi hazikuonekana. Lakini nani angeuliza habari za karatasi, akisha kusikia habari za mbwa? Eisenhower hakumwondoa, wakashinda, naye akawa Makamu wa Rais kwa miaka 8. Katika cheo hicho alifika hata Uganda, mwaka 1957.

Mwaka 1960 aligombea urais, akashindwa na John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa Rais wa nchi ile. Mwaka 1962 akashindwa tena, hata ugavana wa California kwao. Watu walidhani amekwisha. Mwaka 1968 akaupata urais, na mwaka 1972 akachaguliwa tena kwa kura za majimbo 49 kati ya 50.

Leo watu humkumbuka kwa Watergate, yaani ule uvunjaji wa ofisi za chama cha upinzani, Juni 1972, na uwongo uliotumika kuufunika. Kando yake, hata hivyo, palikuwa na jambo la kodi, ambalo mtu wa kawaida hulielewa upesi zaidi. Mwezi wa Oktoba 1973 Makamu wake, Spiro Agnew, alijiuzulu na kutiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya mapato. Mwezi ule ule gazeti la mji wa Providence likatangaza kwamba Rais mwenyewe, ambaye mshahara wake ulikuwa dola 200,000 kwa mwaka, alilipa kodi ya mapato dola 792 tu kwa mwaka 1970, na dola 878 kwa mwaka 1971. Hiyo ni kodi ya mfanyakazi wa mshahara mdogo.

Alifanyaje? Sheria ya zamani ilimruhusu mtu anayeipa serikali hati zake apunguziwe kodi kwa kadiri ya thamani ya hati hizo. Nixon alitoa zile za miaka yake ya umakamu, zikathaminiwa dola 576,000. Lakini Bunge lilikuwa limekwisha kuifuta ruhusa hiyo kwa zawadi yoyote iliyotolewa baada ya tarehe 25 Julai 1969. Basi hati ya kukabidhi zawadi ilitiwa sahihi mwaka 1970, na tarehe iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya Machi 1969.

Desemba 1973 Nixon akazitoa hesabu zake, akaiomba kamati ya kodi ya Bunge izipitie. Yumkini alitumaini kwamba mambo yatakwenda kama mwaka 1952. Safari hii, hata hivyo, msimulizi hakuwa yeye. Wakaguzi walisoma karatasi moja moja, wakakuta na mengine, kama vile matengenezo ya nyumba zake binafsi yaliyolipwa kwa fedha za umma. Aprili 1974 kamati ikasema kwamba anadaiwa, pamoja na riba, dola 476,431. Akakubali kulipa. Msaidizi wake mmoja alikiri kosa katika jambo la ile hati, akafungwa. Wabunge walikataa, kwa kura 26 dhidi ya 12, kumshtaki Rais kwa ajili ya kodi. Walipendekeza ashtakiwe kwa mambo ya Watergate, na tarehe 9 Agosti 1974 akajiuzulu.

Twaona basi kwamba hiari haitoshi. Zakayo alijifunua mwenyewe mbele ya watu, lakini si kila mtoza fedha ni Zakayo. Ni kweli kwamba mtu ana haki ya sitara nyumbani mwake, na ni kweli kwamba tajiri aliyechuma kwa haki aweza kuonewa wivu na kusingiziwa. Hoja hiyo si ndogo, nasi hatuidharau. Ila hakuna anayelazimishwa kugombea. Anayeomba akabidhiwe hazina ya wote atazamwe kwanza alivyoitendea hazina hiyo alipokuwa mlipaji tu. Na atazamwe na mkaguzi, wala si na umati mkutanoni. Hapa Tanzania Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 humtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake, lakini ni baada ya kushika cheo, wakati kura zimekwisha kupigwa. Yafaa litangulie.

Nixon alikufa tarehe 22 Aprili 1994, akazikwa Yorba Linda, hatua chache tu kutoka nyumba ile aliyozaliwa. Wagombea wengi wa urais waliomfuata walionyesha hesabu zao za kodi kwa desturi tu, hata mwaka 2016 mgombea aliyeshinda alipokataa. Mwaka 2019 California, jimbo lake Nixon, ilitunga sheria kwamba anayetaka jina lake liwekwe katika kura za mchujo wa urais atoe kwanza ritani za kodi za miaka 5. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule mahakama kuu kabisa ya jimbo ikaitangua, kwa kuwa ilipingana na katiba ya jimbo hilo.