Rumaliza

Rumaliza (jina kamili Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani, alizaliwa Lindi karibu mwaka 1855) alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Akiwa Ujiji, katika Mkoa wa Kigoma wa leo nchini Tanzania, alitawala biashara ya Ziwa Tanganyika tangu katikati ya miaka ya 1880 hadi Januari 1894, aliposhindwa vitani na jeshi la Dola Huru la Kongo.

Waandishi wengi wa Ulaya walimwita sultani wa Ujiji. Mwanafunzi anayekutana na cheo hicho vitabuni asikipokee kama kilivyo. Rumaliza hakurithi usultani kutoka kwa baba yake, na Ujiji haikuwa na usultani ambao mtu wa pwani angeweza kuurithi. Habari za maisha yake haziwezi kueleweka bila kwanza kujua ni nani waliokuwa na vyeo katika mji ule kabla yake, na kila mmoja alikipataje.

Jina na ukoo

Jina Rumaliza ni la utani na linahusiana na kitenzi kumaliza: ni mtu anayemaliza, asiyebakiza kitu. Watu wa bara walizoea kuwapa wafanyabiashara wakubwa majina ya namna hii, na ndivyo Hamed bin Muhammad al-Murjebi alivyojulikana kote kama Tippu Tip.

Al-Barwani ni ukoo wenye asili ya Oman, unaohesabiwa pamoja na Waharthi. Ulikuwa na heshima na mali Zanzibar na katika pwani ya kusini, hasa Lindi. Waharthi hawakuwa daima radhi kuwa chini ya Al Busaid, nasaba ya masultani wa Zanzibar. Kwa hiyo Rumaliza alikuwa mtoto wa watu wakubwa, lakini ukubwa huo ulikuwa wa pwani. Ng'ambo ya Tabora, safari ya miezi kutoka baharini, jina la ukoo lilimsaidia mtu kupata mkopo wa bidhaa, halikumpa nchi ya kutawala.

Wenye cheo Ujiji kabla yake

Wenyeji wa Ujiji ni Wajiji, ambao ni sehemu ya Waha. Walikuwa na mwami, mtawala wa kurithi, aliyeishi milimani mbali na ufuko. Chini yake walikuwepo watware waliosimamia sehemu za nchi, pamoja na wazee walioitwa wateko, walioangalia ardhi na matambiko yake. Wamisionari walioishi Ujiji katika miaka ya 1870 na 1880 waliandika kwamba kwa mila mwami wa Wajiji hakuruhusiwa kuliona ziwa, kwani akiliona angekufa.

Mwiko huo una uzito katika historia ya mji. Mwenye nchi kwa damu alikaa mahali asipoweza kuona soko wala mitumbwi, na mambo ya kila siku ya ufukoni yakabaki mikononi mwa wasaidizi wake na wageni. Wageni nao walikuwa wengi. Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858 waliwakuta watu wa pwani wamekwisha kuzoea njia ya Ujiji. David Livingstone alifika mara ya kwanza mwaka 1869, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta hapohapo. Soko la Ujiji lilikuwa na samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, nafaka, mbuzi, pembe na watumwa, na lilitumia shanga kama fedha.

Mgeni wa kwanza kujijengea cheo kikubwa ufukoni alikuwa Mwinyi Kheri, Mswahili wa Mrima. Alimwoa binti wa mtawala wa Wajiji, akajenga mtandao wa biashara hadi Uvira na kaskazini ya ziwa, na kufikia miaka ya 1870 kila msafiri alijua kwamba bila ruhusa yake hapati mtumbwi wala wapagazi. Karibu mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua kuwa liwali wake, na bendera nyekundu ya sultani ikapandishwa Ujiji. Askari wa Zanzibar hawakuletwa pamoja na bendera hiyo. Barghash alikuwa akitazama namna Wazungu wa vyama vya kimataifa na wamisionari walivyokuwa wakimiminika ziwani, akataka pawe na alama ya dai lake.

Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885. Kama Ujiji ingekuwa Uingereza, ambako hati ya mfalme hutaja nani atarithi cheo cha lordi, kwa kawaida mwana mkubwa wa kiume, mambo yangekwisha siku ya mazishi. Lakini uliwali haukuwa na hati ya namna hiyo. Ulikuwa umetokana na ndoa, mali, umri na kukubaliwa na wenzake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopita moja kwa moja kwa watoto.

Kushika mji

Wakati Mwinyi Kheri anakufa, Rumaliza alikuwa na umri wa miaka kama thelathini na alikuwa tayari Ujiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa ameingia ushirika na Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Maniema, magharibi mwa ziwa. Pembe na watu waliotekwa Maniema walipaswa kuvuka ziwa ili wafike Tabora na kisha Bagamoyo. Mshirika wa kuaminika Ujiji alikuwa na thamani kubwa kwa Tippu Tip, na jina la Tippu Tip lilikuwa na thamani kubwa zaidi kwa Rumaliza, maana kwa jina hilo alipata bunduki, baruti na bidhaa kwa mkopo.

Mwinyi Kheri alikuwa mtu wa kusuluhisha, aliyewasikiliza Wajiji kwa sababu walikuwa wakwe zake. Rumaliza alikuwa na haraka. Alituma watu wake wenye silaha, wengi wao Wamanyema na wangwana, kujenga maboma pande zote mbili za ziwa: bonde la Rusizi, Uvira, rasi ya Ubwari na kuelekea Marungu. Vijiji vilichomwa, watu wakafungwa minyororo na kuvushwa kwa mitumbwi. Wapo wanaomkumbuka Rumaliza kama mpinzani wa ukoloni tu, na upinzani wake ulikuwa wa kweli, lakini kwa watu wa ufuko wa magharibi yeye alikuja kwanza kama mteka watu. Makala inayoacha upande huo haimtendei haki mtu yeyote.

Sehemu moja ilimshinda kabisa. Katika miaka ya 1880 alijaribu kuingia Burundi, nchi yenye watu wengi na ng'ombe wengi, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimrudisha nyuma. Maana yake ni kwamba bunduki za Ujiji zilifaulu palipokuwa na watemi wadogo waliogombana, na zilikwama zilipokutana na ufalme ambao watu wake walijua mtawala wao ni nani.

Kwa wamisionari alikuwa na sura mbili. Mapadre Weupe walikuwa na vituo Kibanga, Mpala na Karema, na mara kadhaa aliwaacha wapite na hata kuwalinda, kwa kuwa vita na Wazungu vingeharibu mikopo yake pwani. Lakini watu wake waliteka vijiji vilivyozunguka vituo hivyo, na kuanzia 1887 Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuja kuwalinda mapadre wa Mpala, alipigana nao mara nyingi.

Ulimwengu unabadilika

Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Cheo hicho kilionekana kama amani ya kudumu kati ya Waarabu na Dola Huru la Kongo. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka kwenda Zanzibar asirudi tena, na Rumaliza akabaki ndiye jina kubwa kuliko yote kati ya Ujiji na Maniema.

Mwaka uleule Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mipaka yao, na Ujiji ikahesabiwa ndani ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Bendera nyekundu aliyokabidhiwa Mwinyi Kheri ikabaki bila mwenyewe. Zaidi ya hayo, mkutano wa Brussels wa 1889-1890 uliwekea vikwazo uingizaji wa bunduki na baruti, yaani bidhaa ambayo ukuu wote wa Rumaliza uliitegemea.

Vita vya 1892-1894

Kapteni Alphonse Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, alifika Mpala mwishoni mwa 1891, kisha akaanzisha ngome ya Albertville, leo Kalemie. Watu wa Rumaliza waliizingira kwa miezi mingi. Mwezi Aprili 1892 mmoja wa maofisa wa Jacques, Vrithoff, aliuawa katika mapambano hayo.

Wakati huo magharibi zaidi vita vikubwa vilikuwa vimewaka. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dola Huru, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akaingia vitani. Francis Dhanis, kamanda wa Dola Huru, aliteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Rumaliza alikusanya watu, akavuka ziwa, akaenda Maniema kuokoa kilichobaki.

Hakuwa kamanda mbaya. Maboma yake yalijengwa kwa magogo na udongo, yakiwa na mahandaki ya kujificha, kiasi kwamba bunduki na mizinga midogo haikuyafanya kitu. Katika mapigano ya Oktoba 1893 Dhanis alirudishwa nyuma, na ofisa wake Ponthier akapata jeraha lililomuua. Sefu naye alipoteza maisha katika mapigano ya kipindi hicho. Kwa miezi miwili na nusu pande hizo mbili zilitazamana.

Mwezi Januari 1894 kombora la mzinga mpya ulioletwa na Wabelgiji liliwasha paa za nyasi ndani ya boma kuu. Moto ulifika kwenye baruti. Watu waliokimbia walipigwa risasi au kuzama mtoni. Maboma ya jirani yalikatiwa maji, yakasalimu amri baada ya siku chache. Rumaliza mwenyewe alitoroka, na tarehe 25 Januari Kabambare ikaanguka.

Baada ya ushindi huo Leopold alimpa Dhanis cheo cha baroni. Jacques naye alikuja kupewa ubaroni mwaka 1919, kwa sababu ya vita vya Diksmuide huko Ulaya, ingawa jina lake lilianza kusikika Ubelgiji kwa habari za Tanganyika. Wakati Ujiji inabaki bila mtu wa kurithi cheo cha Rumaliza, vita dhidi yake vilikuwa vinazaa vyeo mbali sana na ziwa.

Miaka ya baadaye

Rumaliza alikimbilia eneo la Wajerumani na baadaye akaishi Zanzibar. Mali yake kubwa ilikuwa imepotea, na sehemu iliyobaki aliidai mahakamani: alimshtaki Tippu Tip, mshirika wake wa zamani, juu ya mali ya ushirika wao. Watu wawili waliogawana nchi kwa bunduki waliishia kugawana mashamba kwa mawakili.

Jina lake lilirudi tena mwaka 1908, wakati barua iliyosemekana kutoka Maka iliposambaa Lindi na sehemu nyingine za koloni, ikiwaita Waislamu watubu kwa kuwa mwisho wa dunia u karibu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu, na Wajerumani waliogopa uasi mwingine. Upelelezi wao uliwataja watu wa ukoo wa Barwani wa Lindi, na Rumaliza mwenyewe kule Zanzibar. Uasi haukutokea.

Karibu yote yaliyoandikwa juu yake yaliandikwa na waliopigana naye au kumwogopa: maofisa wa Dola Huru, wamisionari, watawala wa Kijerumani. Idadi za askari wake wanazotaja zichukuliwe kwa tahadhari, maana mshindi hupenda adui yake aonekane mkubwa.

Ujiji baada ya Rumaliza

Wajerumani walifungua kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Walilihifadhi neno liwali, lakini sasa liwali alikuwa mtumishi wa serikali, anayewekwa na kuondolewa na ofisa wa Kijerumani. Reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914 ilipelekwa Kigoma, kilomita chache kaskazini, penye ghuba yenye kina, na biashara ikahamia huko. Wabelgiji waliishika Kigoma mwaka 1916, kisha Waingereza wakaipokea baada ya vita na kuwarudishia watemi wa Waha nafasi katika utawala wa wenyeji. Vyeo hivyo vya kurithi vilifutwa kisheria na serikali ya Tanganyika mwaka 1963.

Wamanyema walioletwa Ujiji kama watumwa, wapagazi na askari, pamoja na wale waliovuka ziwa kukimbia vita, hawakuondoka. Wajukuu wao wamo mjini hadi leo, wakizungumza Kiswahili kama lugha ya nyumbani, na njia waliyopita ingali na miembe mikubwa ya zama za misafara.