Mfalme wa kwenye shilingi ya simba: sigara, miguu na moyo

Mama, kama nyumbani kwako yupo mzee aliyekuwa mkubwa kabla ya uhuru, muulize kuhusu shilingi ya simba. Upande mmoja ilikuwa na simba, upande wa pili kichwa cha mwanamume. Huyo ni Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Pesa yenye sura yake ilinunua samaki na chumvi hapa Mwanza enzi za Tanganyika. Nakusimulia maisha yake kwa sababu kliniki huwa nakutana na akina mama wanaoamini kuwa sigara inadhuru mapafu tu. Mume akiwa hakohoi, wanaona hana tatizo. Mfalme huyu sigara ilimwanzia miguuni.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895, akapewa jina la Albert. Alikuwa mtoto mwenye aibu na kigugumizi kikali. Akiwa kijana aliingia jeshi la majini, akapigana vita vya kwanza vya dunia, na akaugua vidonda vya tumbo mpaka akafanyiwa upasuaji. Mwaka 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon, na msimu wa 1924 kuingia 1925 wawili hao walikuja Afrika Mashariki, wakapita Kenya na Uganda. Walizaa mabinti wawili, Elizabeth na Margaret.

Hakutarajia kuwa mfalme. Kaka yake alikiacha kiti Desemba 1936, mzigo ukamwangukia yeye. Miaka mitatu baadaye vita vya pili vikaanza. Alikuwa mvutaji mkubwa tangu ujana, na shida zilipozidi sigara ilikuwa kiliwazo chake. Unamfahamu mtu wa namna hiyo. Labda ni mume wako anayekesha ziwani na karabai akivua dagaa, anayesema bila sigara baridi ile haivumiliki.

Mwaka 1948 miguu ilianza kumsumbua: ganzi na maumivu. Madaktari wakagundua mishipa ya damu imekuwa migumu na imebana, damu haifiki vizuri chini. Walihofia mguu wa kulia ungekatwa. Safari yake ya Australia na New Zealand iliahirishwa, akalazwa kitandani. Machi 1949 alipasuliwa, zikakatwa neva fulani kiunoni ili mishipa ya mguu itanuke kidogo.

Hapa nisimame nikueleze. Ukivuta sigara, nikotini inaufanya moyo upige haraka na mishipa ibane. Moshi una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kwa hiyo moyo unaongezewa kazi huku unanyimwa hewa. Moshi pia unakwaruza ukuta wa ndani wa mishipa, mafuta yananata hapo, na damu inakuwa nyepesi kuganda. Mishipa ya miguu na mishipa ya moyo inaugua ugonjwa mmoja. Mtu anayeumwa misuli ya mguu akitembea, ikaacha akipumzika, ikarudi akiendelea, moyo wake nao unatakiwa upimwe. Mguu wa baridi na kidonda cha kidole kisichopona nazo ni dalili. Si kila mguu unaouma umerogwa.

Turudi kwa mfalme. Septemba 1951 aliondolewa pafu zima la kushoto kwa sababu ya saratani. Wananchi hawakuambiwa neno hilo, na inasimuliwa kuwa hata yeye hakuambiwa. Siwaungi mkono katika hilo: mgonjwa asiyejua ugonjwa wake hawezi kupambana nao. Lakini tuwe waungwana, utafiti wa Richard Doll na Austin Bradford Hill uliounganisha sigara na saratani ya mapafu ulikuwa umetoka mwaka 1950 tu, na madaktari wengi wenyewe walikuwa wakivuta.

Tarehe 31 Januari 1952 alikwenda uwanja wa ndege London kumuaga binti yake mkubwa aliyekuwa anasafiri kuja Kenya. Hawakuonana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari damu iliganda kwenye mshipa wa moyo, akafariki usingizini. Alikuwa na miaka 56. Siku iliyotangulia alikuwa nje akiwinda sungura.

Elizabeth alipata habari akiwa Kenya, karibu na Nyeri. Alikuwa mama wa miaka 25, na watoto wawili wadogo aliowaacha nyumbani. Jioni ile alipelekwa kwa ndege mpaka Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, apande ndege ya kwenda Uingereza. Mvua ya radi ikamchelewesha kuondoka. Sisi wa huku tunaijua mvua ya ziwa hili. Alikaa uwanjani pale akisubiri, malkia tayari, hana baba.

Margaret, binti mdogo, naye akawa mvutaji. Mwaka 1985 alikatwa sehemu ya pafu, baadaye akapata kiharusi zaidi ya kimoja, akafa mwaka 2002.

Sasa kwa aliye kwako. Kama ameshaambiwa ana ugonjwa wa moyo, asikubali maneno kwamba amechelewa. Mgonjwa wa mishipa ya moyo akiacha sigara, hatari ya kufa inapungua kwa takribani theluthi moja ukimlinganisha na anayeendelea. Kupunguza kutoka kumi hadi tatu hakutoshi, maana hata sigara chache zinabana mishipa. Ugoro nao una nikotini. Akiacha, siku za mwanzo atakuwa na hasira na usingizi mbaya. Si kwamba amekuchukia. Ondoa kiberiti na vibakuli vya majivu, mpe karanga au mua atafune, na tarehe ya kliniki mwende wote. Dawa za presha asiziache.

Na kama mwenye moyo mgonjwa ni wewe, au mtoto, anayevuta akavutie nje kabisa ya nyumba. Moshi wa mwenzako unaingia kwenye damu yako pia, na kufungua dirisha hakutoshi.

Akishikwa na maumivu ya kubana kifuani, yakaenda mkono wa kushoto au taya, akatokwa jasho la baridi au akakosa pumzi, usimpe maziwa wala usingoje kukuche. Wa visiwani, tafuteni boti usiku uleule. Mkifika kituo cha karibu, semeni wazi kuwa ni kifua, na kwamba huwa anavuta.