Marehemu Askofu Festo Kivengere: Mzigo Uliotuliwa kwa Toba

Moto wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 haukujua mipaka ya nchi wala ya madhehebu. Ulienea Uganda, ukaingia Tanganyika na kuwafikia Walutheri pia. Miongoni mwa watumishi waliotokana na uamsho huo anakumbukwa sana Marehemu Askofu Festo Kivengere wa Kanisa Anglikana.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, Uganda, katika jamii ya wafugaji. Akiwa mwalimu kijana aliiacha imani, akazama katika ulevi na kuwachukia waliookoka. Mwaka 1941 aliungama dhambi zake mbele za Mungu, akaonja amani ya msamaha. Toba hiyo haikuishia faraghani. Dhamiri ilimkumbusha mmisionari mmoja Mwingereza ambaye alikuwa amemchukia. Alipanda baiskeli, akasafiri maili 50 hivi, akamwomba radhi. Uadui ukageuka kuwa udugu.

Mwaka 1946 yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma, ambako alifundisha shule na kuhubiri. Mwaka 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi.

Jaribu kubwa lilikuja Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Kivengere na mkewe walikimbia, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Huko uhamishoni chuki dhidi ya Amin ilimtafuna, hata furaha ya utumishi ikanyauka. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa ibadani London, alitafakari jinsi Kristo alivyowaombea waliomsulubisha. Akatambua kwamba yeye aliyedhulumiwa naye alikuwa na dhambi ya kutubu. Aliungama chuki hiyo, akasamehe, na moyo wake ukawekwa huru. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza upendo wake kwa Amin. Hata hivyo, hakuacha kuukemea uovu wa utawala ule. Alirejea Uganda mwaka 1979, akafariki mwaka 1988.

Katika sharika za Same na milima yote ya Upare, ungamo la dhambi hutangulia ibada. Maisha ya Askofu Kivengere yanafundisha kwamba ungamo hilo si mazoea ya midomo. Anayelitamka kwa kweli hutua mzigo wake mbele za Mungu, kisha huinuka kwenda kupatana na jirani yake.